Anti, nikisikia kupima mlango wa kizazi natetemeka, nifanyeje?

Shikamoo Anti,

Naomba unisaidie maana nimefika mahali sijui nimwambie nani. Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili, na mume wangu hana shida na mimi kabisa, shida ni mimi na hiki kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Nilishapima miaka kadhaa iliyopita na toka siku ile nikasema sirudi tena. Yani nesi aliyenipima hata salamu ilikua ya shingo upande, vua panda kitandani, mlango unafunguliwa kila saa watu wanaingia kuchukua vitu kabatini na mi niko vile vile nimepanua miguu, alafu akaingiza kile chuma cha baridi bila kusema neno nikaruka. Badala asimame kidogo akaniambia "jikaze mama, we si umezaa, hiki nacho kinakushinda?" Nikazidi kubana, naye akazidi kusukuma, nikatoka pale nalia. Majibu yalikuja mazuri nashukuru ila hata sikusikia furaha.

Sasa muda wa kupima tena umefika na umeshapita. Kila nikikumbushwa moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho, usiku silali. Kuna siku nilijikaza nikafika mpaka kwenye benchi la kusubiri, nikasikia jina langu linaitwa, nikanyanyuka nikatoka nje moja kwa moja kama sio mimi.

Na sio maumivu tu Anti, nawaza wakikuta kitu je? Nimesikia hii saratani inaletwa na virusi vinavyoambukizwa kwa ngono, sasa wakisema ninavyo nitamwambia nini mume wangu, si nyumba itawaka moto? Shoga yangu mmoja ananiambia kama huumwi popote usijitafutie ugonjwa. Mwingine anasema siku hizi kuna kipimo unajichukulia mwenyewe, sijui ni kweli au ni maneno tu.

Niambie ukweli, ni lazima? Na kama ni lazima naendaje?

Ni mimi mwanao, Mama Wawili

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole kwa maumivu, na pole zaidi kwa lile neno la "we si umezaa", nimelisoma nikakasirika hapa nilipo. Hebu tulitoe njiani kwanza maana naona ndo limekaa kifuani kwako mpaka leo. Kuzaa ni kitu kingine na kupimwa ni kitu kingine. Siku ya kuzaa mwili unajiandaa kwa masaa mengi, homoni zinafanya kazi yake, njia inalegea na kufunguka. Kwenye kipimo umelala pale akili timamu, kuna baridi, mtu humjui, mlango unafunguliwa ovyo, alafu unashtukizwa, hapo misuli inayozunguka uke inajibana yenyewe wala haikuombi ruhusa. Sio udeko na sio woga wa kitoto, ndo mwili unavyojilinda. Na ikishabana, kifaa kikiendelea kusukumwa inauma kweli kweli. Kwahiyo wa kubadilisha kitu pale hakuwa wewe. Alitakiwa yeye asimame, akuulize, akupe muda, atafute kifaa kidogo zaidi, au aseme basi mama tupange siku nyingine.

Nakwambia hivi kwasababu wanawake wengi wakipata maumivu kwenye hiki kipimo wanarudi nyumbani na jibu kwamba "mimi ndo nina tatizo", alafu wanakaa miaka kumi hawajapima. Kipimo hiki kwa wengi kinakera tu, unasikia mgandamizo, kinaisha ndani ya dakika chache. Kikiuma sana kuna sababu na mara nyingi sababu hiyo inarekebishika.

Sasa swali lako la ni lazima. Hakuna wa kukulazimisha, mwili ni wako. Ila nikikwambia kaa tu nyumbani ntakua nimekudanganya. Mwaka 2022 peke yake wanawake kama 660,000 duniani waligundulika na saratani hii na kama 350,000 walifariki, na kinachoniuma kwenye hizo namba ni kwamba hii sio saratani inayokuja ghafla. Karibu zote zinaanzia kwenye kirusi cha HPV, na aina mbili tu, namba 16 na 18, ndo ziko nyuma ya kama asilimia 70. Mwanamke mwenye kinga nzuri, toka seli zianze kuharibika mpaka ziwe saratani mara nyingi inachukua miaka 15 hadi 20. Mwenye kinga iliyoshuka, mfano anaishi na VVU na hatumii dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Miaka yote hiyo huumwi, hutokwi na kitu, unaendelea na maisha yako, na ndani ya miaka hiyo hiyo zikionekana zinatolewa na saratani haifiki. Kwahiyo shoga yako anakutakia mema ila kageuza mambo, kipimo hiki ni cha mtu asiyeumwa. Anayeumwa hasubiri zamu ya kupima, yani ukiona damu baada ya tendo la ndoa, au damu katikati ya mwezi wakati sio siku zako, au mama aliyeshakoma hedhi akaona damu tena, au uchafu wenye harufu usioisha, huyo anaenda kuonwa na daktari mapema na anasema dalili yake wazi, hata kama alipima juzi na majibu yakawa mazuri.

Hili la mume naomba ulisome taratibu. HPV ni kirusi cha kawaida mno, watu wengi waliowahi kufanya mapenzi hua wanakipata wakati fulani na hawajui maana hakina dalili. Kinapita kwa kugusana ngozi, kondomu inapunguza ila haizuii chote. Na kinaweza kukaa kimya mwilini miaka na miaka. Kikionekana leo hakuna daktari anayeweza kukwambia kiliingia lini au kilitoka kwa nani, inawezekana kilikuwepo kabla hamjajuana. Wengi mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Sasa usisubiri majibu ndo umueleze, siku ya majibu kila mtu ana presha. Mwambie kabla, jioni mmetulia, mwambie baba nanii nataka kwenda kupima, na kuna kirusi karibu kila mtu anakipata maishani, kikionekana haimaanishi mmoja wetu katoka nje, nataka ujue mapema. Umesema mume hana shida na wewe, basi mpe nafasi awe upande wako, na kama anaweza akusindikize.

Na wakikikuta? Kirusi kuonekana sio saratani. Hili nalirudia kwa kila anayeniandikia maana watu wanasikia neno "una HPV" wanaanza kuaga. Kinachofuata ni kuangaliwa mlango wa kizazi kwa karibu, mara nyingi wanapaka maji ya asidi ya siki alafu wanasubiri kama dakika moja hivi waone kama kuna sehemu inageuka nyeupe, au wanatumia darubini maalum. Kama kuna mabadiliko ya awali wanaweza kuyachoma kwa joto au kuyagandisha kwa baridi kali, ni dakika chache, sehemu nyingi unafanyiwa siku hiyo hiyo na unaenda kwako kwa miguu yako. Mara nyingine wanachukua kinyama kidogo kikapimwe kwanza. Na kama hakuna mabadiliko unapangiwa urudi baadae waangalie kama kirusi kimeondoka.

Haya tuje kwenye lile ulilosikia kwa shoga wa pili. Ni kweli. Kipimo cha HPV cha kujichukulia mwenyewe kipo na Shirika la Afya Duniani linakikubali. Unapewa kijiti kirefu chenye pamba au kibrashi laini kwenye mwisho wake, unaingia chooni au nyuma ya pazia peke yako, unasimama na mguu mmoja juu ya kiti au unachuchumaa, vile unavyosikia raha, unakiingiza taratibu kwa kimo ulichoelekezwa, unakizungusha kwa sekunde walizokwambia, unakitoa unakiweka kwenye kichupa, basi. Hakuna chuma, hakuna mtu anakuangalia. Maabara wakitumia kipimo kinachosoma vinasaba vya kirusi, usahihi wake unakaribiana sana na wa sampuli aliyochukua daktari. Sio lazima ufike kwenye mlango wa kizazi wenyewe kwahiyo ondoa wasiwasi kwamba utakosea. Kwa mtu kama wewe mi ningeanzia hapa hapa, uliza kituo chochote cha karibu yako kama wanacho kabla hujafikiria kingine. Ujue tu mawili, sampuli ya kujichukulia haifai kwa papsmia ambayo inaangalia seli zenyewe, na kirusi kikionekana itabidi uangaliwe kwa ile spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke ulichokiita chuma cha baridi. Ndo maana bado nataka tuongelee kitanda.

Kabla hata ya kitanda kuna mazungumzo, na mi naamini mazungumzo ndo nusu ya kazi. Tatizo letu wengi tunaongea tukiwa tumeshavua, na mtu aliyelala nusu uchi miguu imepanuliwa hana sauti. Sema ukiwa umevaa. Ukiweza nenda siku ya kawaida kuongea tu, waambie kabisa leo sipimwi. Omba anayekupima awe mwanamke kama ndo utatulia. Mwambie hivi, "mara ya mwisho niliumia sana na naogopa, naomba uniambie kila unachofanya kabla hujafanya, na nikisema simama naomba usimame." Kama sauti inakukwama iandike kwenye simu umpe asome. Angalia anavyopokea. Akikaa chini akakuuliza ilikuaje, huyo ni wako. Akicheka au akakwambia mbona wenzako wanavumilia, shukuru, toka, tafuta mwingine, hujasaini mkataba na mtu. Na yule aliyekufanyia vile una haki ya kumlalamikia kwa uongozi wa kituo chake, hata sasa.

Vitu vya mwilini ni vichache. Usiende ukiwa kwenye siku zako. Siku mbili kabla acha tendo la ndoa, acha dawa na krimu za kuweka ukeni, na acha kujisafisha kwa ndani (hii ya kujisafisha kwa ndani ningependa muiache moja kwa moja lakini ni habari ya siku nyingine). Kojoa kabla ya kuingia, kibofu kikijaa mgandamizo unaudhi zaidi. Vaa gauni au sketi pana ili usilazimike kubaki mtupu, unavua cha ndani tu, mwenyewe unajisikia bado umevaa.

Pale kitandani sasa, jua hili, kuna mambo mengi unaweza kuomba na sio kumsumbua mtu. Mlango ufungwe na pazia livutwe. Spekulamu zina saizi, omba ndogo. Kama ni ya chuma ipitishwe kwenye maji ya vuguvugu, na wapake jeli kidogo ya maji. Sio lazima miguu iwekwe kwenye zile nguzo, unaweza kuunganisha nyayo zako na kuacha magoti yaangukie pembeni, au ukaweka ngumi zako mbili chini ya makalio nyonga zikanyanyuka kidogo, au ulalie ubavu, kuna wanawake wakilalia ubavu ndo wanaona tofauti kubwa. Na unaweza kuomba uiingize mwenyewe. Ndio, wewe mwenyewe, unashika ile spekulamu imefungwa, unaiingiza kwa mwendo wako ukielekeza nyuma kidogo kama upande wa mgongo, yeye anamalizia kuifungua. Sio wote wanalijua hili kwahiyo liseme kwenye yale mazungumzo ya mwanzo.

Wakati inaingia toa pumzi. Sio kuvuta, kutoa, taratibu kwa mdomo, ndefu, na uachie taya maana ukiuma meno na huku chini kunabana. Ya plastiki inapofunguliwa inatoa mlio wa ka-ka-ka, usishtuke, hakuna kilichovunjika. Akishauona mlango wa kizazi, ambao ukiugusa kwa kidole ni mgumu kidogo kama ncha ya pua, anapitisha kibrashi na kukizungusha, hapo unaweza kusikia kama mkwaruzo au kaumivu ka tumbo la hedhi, kanapita. Alafu anafunga anatoa. Ukisema simama katikati, anasimama. Ukisema imetosha leo, imetosha leo, hujashindwa kitu, utarudi.

Hofu yenyewe, ile ya moyo kwenda mbio, usiitukane. Ule mwili wako ulioondoka kwenye benchi ulikua unakukimbiza kutoka mahali palipokuumiza, ulikumbuka vizuri. Sasa uufundishe polepole kwamba mara hii ni tofauti. Nyumbani ukiwa peke yako, lala chali magoti yameanguka pembeni, vuta pumzi kwa hesabu ya nne toa kwa hesabu ya sita, dakika tano, fanya siku kadhaa mpaka mkao wenyewe usikutishe. Ukizoea jaribu kwa kidole chako kisafi huku unatoa pumzi, ujue misuli ile inabanaje na inaachiaje. Siku ya kipimo omba uwe wa kwanza asubuhi usikae benchi masaa, au waambie unasubiri nje wakupigie simu zamu ikifika. Weka earphone, sikiliza kitu unachokipenda hata ukiwa umelala pale kitandani, hakuna anayekatazwa.

Nina neno kwa wengine wanaosoma hapa kimya. Kama hofu yako ina mizizi kwenye kubakwa au kuguswa ulipokua mdogo, huna haja ya kusimulia chochote, inatosha kusema "niliwahi kuumizwa, naomba twende taratibu", mhudumu mzuri anaelewa, na mshauri nasaha anaweza kukusaidia kabla ya siku hiyo. Kama hata kwenye tendo la ndoa au kuweka kidole misuli inafunga kabisa, hiyo ni hali inayojulikana na ina matibabu, usiipeleke kwenye kipimo ukategemea itajitatua. Na mama zetu walioshakoma hedhi, ukavu ndo unaowaumiza, muulizeni daktari kuhusu krimu ya homoni ya kupaka kwa wiki kadhaa kabla. Anayeishi na VVU aanze mapema, toka miaka 25, na arudie kila miaka 3 hadi 5 kwa kipimo cha HPV, wengine Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia 30 na kurudia kila miaka 5 hadi 10. Nchi zina ratiba zake kwahiyo fuata ya kwenu. Na aliyechanjwa HPV naye anapima, chanjo haizuii aina zote.

Kuna kitu hua nakifikiria kuhusu papsmia. Jina limetoka kwa daktari wa Kigiriki, George Papanicolaou, ila sampuli alizojifunzia zilitoka kwa mkewe Andromache ambaye alikubali kuchukuliwa kwa miaka mingi. Alikubali. Ndo hicho tu na wewe unachotakiwa kuombwa kila mara, ukubali, na kila hatua.

Ukimaliza, damu kidogo ya matone siku moja mbili ni kawaida, beba pedi. Ikiwa nyingi kama hedhi, au homa, au tumbo linakaza, rudi kwao. Kabla hujatoka uliza majibu yanakuja kwa njia gani na lini, na yakija yafungue mchana ukiwa na mtu, sio saa saba usiku kitandani. Na yakiwa mazuri usitoke hapo bila kuandikiwa unarudi lini.

Mi kama ningekua wewe wiki hii ningepiga simu moja tu, kuuliza, "mna kipimo cha HPV cha kujichukulia mwenyewe?" Hakuna kuvua chochote kwenye simu. Wakisema ndio, umeshapata pa kuanzia. Wakisema hapana, uliza nani anapima wanawake wanaoogopa, na uniandikie nijue wamekujibuje.